Dole la Mwinyimvua

Jumatatu, tarehe 6 Machi 1967, ndipo mambo yalipoharibika. Shirika la umma lilikuwa limeichukua karakana ya Mzungu pale Gerezani, na wafanyakazi walipangwa foleni mbele ya meneja mpya waweke dole gumba kwenye kadi mpya.

"Weka upesi, mzee wangu," karani alicheka. "Sasa tajiri yako ni wananchi. Utumishi wako unahesabiwa kuanzia leo."

"Kuanzia leo?"

Mwinyimvua alisita, dole limeshalowa wino wa zambarau. Ujana wake wote uliishia humo karakanani, na mkewe alikufa akikingojea kiinua mgongo chake. Wakubwa wakibadilishana viti, anayekaa chini ni mnyonge.

Waliokwisha kuweka wakaanza kuvitazama vidole vyao.

"Ndugu meneja," Mwinyimvua aliuliza, "miaka yetu ya kwa Mzungu ameondoka nayo nani?"