Hina Haikushika

Bi Mwanaiki, mpaka hina, aliushika mkono wa bibi harusi akasita. Wino wa tatuu ya zamani ulikuwa umeondolewa kwa leza, lakini jina lilibaki, jeupe juu ya ngozi nyeusi: Idarusi.

“Mwanangu, si unaolewa na Twaha?”

“Nesi alinikataza kutumbua malengelenge ya leza,” Salha alisema. “Nikaona harusi inakaribia, Bi Mwanaiki. Nikayatumbua, nikayakwangua.”

“Basi tulifunike kwa maua.”

Alipaka mara mbili, akangoja ikauke, akaosha. Maua yalikolea mpaka kwenye kiwiko. Penye kovu hina haikushika, na jina likazidi kung’aa katikati ya maua.

Nje, vigelegele vya kumpokea Twaha vilianza. Salha akaendelea kuupuliza mkono, kana kwamba bado haujakauka.