Wa Kunibishia

Mama Pacha aliutangazia mtaa mzima kwamba mhandisi wa kompyuta wa chumba cha pembeni ameficha mke, na kila jioni anamhubiria bila kumpa nafasi ya kujibu. Leo uvumilivu ukamwishia, akagonga mlango.

"Mwanangu, huyo mwenzio mwache na yeye aseme!"

Mhandisi akafungua. Mbele ya kompyuta palikuwa na kiti, na juu ya kiti birika, mdomo limeuelekeza kwake kama linalosikiliza.

"Ndiye huyo," akasema, akicheka kwa aibu. "Kesho nina usaili, Mama. Wanatafuta mhandisi mwandamizi. Kuandika programu naweza, lakini wataniuliza nilimshawishi vipi mwenzangu aliyenipinga. Na mimi miaka yote hii nafanya kazi humu peke yangu. Birika linakubali kila kitu."

Mama Pacha, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaingia, akalisonya birika.

Mhandisi akaliweka birika sakafuni. Akapangusa kiti kwa kiganja, taratibu, mpaka duara la maji likakauka.

"Kaa kidogo, Mama," akasema. "Unibishie."