Mlango Wenye X

Mama Chausiku aliununua ule mlango kwa watu waliovunjiwa nyumba ng'ambo ya reli, akaupachika kwenye nyumba yake na X yake nyekundu ya kuvunjwa kupisha barabara hivyo hivyo. Asubuhi moja buldoza likasimama uani.

"Mama, toa vyombo. Nyumba ina X."

"X ya mlango hiyo, baba! Imekuja nao. Barabara yenu haipiti hapa."

Dereva akakuna kichwa. "Mimi nimetumwa kuvunja penye X."

"Haya, ngoja."

Akaung'oa mlango, akajitwika kichwani, akatoka nao. Dereva akaangalia nyumba, akaangalia mlango, kisha akageuza buldoza, akamfuata.

"Usiuweke hapa, Mama Chausiku!" majirani wakapiga kelele, kila mmoja kapanua mikono mbele ya nyumba yake.

"Sasa niuweke wapi, jamani?"

Kila aliposimama, buldoza nalo lilisimama nyuma yake, likinguruma.