Mkomamanga wa Debeni

"Usipande kitu ardhini," Shaweji alimwambia mkewe siku aliyoondoka kwenda kutafuta maisha. "Panda debeni. Nikikuita tu, unabeba unakuja."

Basi Mwanakheri akapanda mkomamanga kwenye debe la mafuta ya kupikia, akauweka uani, nyuma ya nyumba ya kupanga. Miaka tisa aliumwagilia maji aliyooshea mchele. Wenzake walipanda mipapai yao chini, wakala, wakagawiana. Yeye na debe lake wakasubiri. Mwaka huu ndio kwanza mti ulizaa, tunda moja.

Ijumaa asubuhi simu ililia.

"Nimepata nyumba," alisema Shaweji. "Ina ua mpana. Njoo kesho na mti wako."

Mwanakheri alifunga mizigo huku anaimba, kisha akamwita jirani yake, Bi Hidaya, amsaidie kubeba. Wakalishika debe, huyu upande huu, huyu upande ule, wakainua. Halikutikisika.

Bi Hidaya akainama, akapapasa chini. Kutu ilikuwa imekula kitako chote, na mizizi minene kama kidole gumba imezama ardhini.

"Shoga," alisema kwa upole, "huu ulishahamia hapa siku nyingi. Nikuletee panga?"

"Niletee."

Panga lilipokuja, Mwanakheri alilipokea, akaketi juu ya begi lake, akalilaza mapajani. Juu ya kichwa chake komamanga lilikuwa limepasuka, jekundu. Ndani ya begi, simu ikaanza kulia.