Birika Linasubiri

Vyombo vya jikoni siku hizi husikiliza maagizo yote mpaka mwisho, na yakipingana, hutii lile la mwisho. Ndiyo maana katika nyumba hii sijawahi kunywa chai niliyoiagiza mimi.

"Chai, tangawizi, sukari vijiko vitatu," naliambia birika kila asubuhi.

Mke wangu hungoja nimalize. Halafu kutoka chumbani, bila hata kuinua sauti, anasema, "Bila sukari."

"Yenye sukari!" naongeza haraka.

"Bila sukari, Baba Shamsa. Daktari alikwambia nini?" Naye anacheka. Birika huwaka akishanyamaza yeye.

Jana alilazwa hospitalini, na leo anafanyiwa upasuaji wa moyo. Binti yetu Shamsa yuko huko, ameahidi kunipigia simu. Asubuhi hii niko peke yangu jikoni, na kwa mara ya kwanza neno la mwisho ni langu.

"Chai, tangawizi, sukari vijiko vitatu."

Birika halikuwaka. Nikarudia kwa ukali. Likawasha kile kitaa chake cha njano cha kusubiri.

"Nimemaliza!" nikafoka. "Hakuna mwingine humu ndani!"

"Bado," likajibu kwa upole.

Nikautazama mlango wa chumbani. Kisha nikasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Basi, bila sukari."

Kitaa kilibaki cha njano. Nikavuta kigoda, nikakaa kando ya birika, tukamsubiri sote wawili.