Picha Saba za Tabaski

Marehemu Nouhoum alikuwa amempakata mtoto.

Sitan aliishika simu ya jirani yake kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Mume wake ni yule yule, na masikio yake makubwa ya kupepea. Aliyemkumbatia shingoni alikuwa mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi. Sitan na Nouhoum waliishi pamoja miaka arobaini na minne hapa Bamako, na hawakujaliwa hata mimba ya kuharibika.

"Ni picha za studio ya marehemu Zoumana," Ramata alisema. "Binti yake kazikuta kwenye masanduku, kazitundika kule jumba la sanaa. Wanataka twende tuwataje waliomo. Mimi nimemwona mume wangu juu ya pikipiki, shoga! Mtu ambaye hata baiskeli hajawahi kuwa nayo!"

"Wewe Diarra, mla kunde, hebu nyamaza kidogo."

Siku nyingine utani huo wa koo, wa kuwaita akina Diarra kama Ramata wala kunde, ungewachekesha wote wawili. Siku hiyo Ramata aliichungulia simu, akanyamaza kweli.

Picha zilikuwa saba, na chini ya kila moja palikuwa na mwaka na neno Tabaski, Idi ya kuchinja. Mtoto alikua picha hadi picha. Katika ya mwisho alikuwa msichana mwenye pengo mdomoni, ameegemea goti la Nouhoum kama wanavyoegemea watoto waliozoea. Nouhoum alivaa koti ambalo Sitan hakuwahi kulifua wala kuliona. Bila shaka lilikaa katika nyumba ile nyingine.

Basi kumbe. Kila Tabaski, kondoo akishachinjwa, Nouhoum alikuwa akioga mara ya pili na kusema anakwenda kumsalimu bosi wake wa zamani. Alirudi alasiri, mpole kupita siku zote, akimbembeleza Sitan ale ini. Na ndugu zake walipokuja na habari za mke wa pili, aliwafukuza kwa mzaha: "Watoto ni kelele tu. Mimi nataka kusikia redio yangu." Kwa maneno hayo Sitan alimpenda kuliko kwa kitu kingine chochote alichowahi kumpa. Sasa yaligeuka dhihaka.

Siku tatu hakula. Alimtukana marehemu kwa sauti, peke yake, katika nyumba ya vyumba vitatu ambamo ni redio tu iliyomjibu. Watu husema wafu hawasemwi vibaya. Sitan alimsema, tena kwa majina ambayo hakujua kama anayajua.

Siku ya nne hasira ilichoka, na chini yake akakuta kitu kilichomtia aibu. Furaha. Yule msichana sasa atakuwa mtu mzima, yuko hapa hapa mjini, na damu ya Nouhoum mwilini. Hata masikio, Sitan alipoitazama tena picha kwenye simu ya Ramata, aliyaona ni yale yale. Mtoto wa mume ni mtoto wako, hilo halina ubishi. Huenda naye ana watoto. Huenda wangekuja Tabaski, wakamwaga mchuzi, wakagombania mkia wa kondoo.

Akatoa sandukuni hereni za dhahabu alizopewa na mama yake siku ya harusi, amvishe binti yake wa kwanza. Akazifunga kwenye pembe ya kitambaa. Akakaanga vitumbua vya mtama, akavipakia kwenye bakuli lenye kifuniko, akaondoka bila kumuaga Ramata.

Kuta za jumba la sanaa zilijaa picha. Pikipiki moja ilipandwa na wanaume kumi na mmoja. Saa moja ya mkononi ilivaliwa na nusu ya mtaa. Sitan alipita bila kugeuza shingo, mpaka akasimama mbele ya zile saba.

Nyele, binti wa Zoumana, alimjia pale. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye miwani na daftari, na kilemba alichokivuta mpaka kwenye nyusi. Alimpokea bakuli na kumsalimu kwa heshima, akimuuliza habari zake mwenyewe, za nyumba na za majirani.

"Huyu ni mume wangu," Sitan alisema. "Nouhoum Sangaré. Ametutoka mwaka juzi."

Nyele alianza kuandika, kalamu ikasimama katikati ya jina. "Nimelitafuta jina hili muda mrefu, mama," alisema. "Mungu amrehemu."

"Amina. Sikiliza, mwanangu, sikuja kugombana. Mama wa mtoto huyu, kama yu hai, nitamsalimu vizuri. Na baba yako lazima aliwajua, maana walikuja kwake kila mwaka. Nioneshe tu binti mwenyewe alipo." Akafungua pembe ya kitambaa, vidole vikimsumbua kwenye fundo. "Hizi ni zake. Ni mtoto wa Nouhoum, kwa hiyo ni wangu. Sina mwingine."

Nyele alizitazama hereni. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba, na masikio yake yakaonekana: madogo, yaliyolala.

"Baba aliazimisha kila kilichokuwa studio," alisema taratibu. "Koti, saa, redio, ile pikipiki. Mtu alichagua asichokuwa nacho nyumbani, akapigwa nacho picha ya sikukuu." Akagusa kioo, pale mtoto alipoegemea goti. "Wengine waliazima pikipiki, mama. Yeye aliniazima mimi."