Kumbeba Kapteni

Ifahamike kwa mataifa yote, na hasa kwa kidato cha nne B, kwamba Koplo Niyonzima, askari wa Mwingereza katika Vita Kuu ya Pili, alimbeba mgongoni kapteni wake aliyejeruhiwa, akavuka naye mto huko Burma, ilhali yeye mwenyewe ana risasi begani.

Mwaka huu shujaa huyo angeigizwa na Nkusi, mvulana ambaye hajawahi kubeba kitu kizito kuliko sahani yake ya maharage.

Jambo hilo lilimchoma Shami. Koplo alikuwa baba wa bibi yake, na hadithi yenyewe ni yeye aliyeileta kwenye klabu ya Kiswahili. Bibi Nyiraneza angekuja kutoka Niboye kutazama. Shami alitaka baba wa bibi yake afufuliwe na mtu wa ukoo, si na Nkusi.

“Mwalimu, naomba niwe Koplo. Ni damu yangu.”

“Damu haionekani jukwaani,” akasema Mwalimu Béatha. “Wewe ni Kapteni. Nataka igizo liaminike.”

Tangu siku hiyo shule nzima ilimwita Kapteni. Wakimwona akikatiza uwanja na kofia yake pana, walimpigia saluti. Naye, kwa kuwa ni mtu wa heshima, aliwajibu kwa saluti, kisha akawatilia chumvi kwenye chai.

Siku ya igizo, walioigiza Wazungu walipanga foleni jikoni kupakwa unga wa ngano. Shami alipofika, mpishi akafunika beseni.

“Weye hapana. Kwako ni kuharibu chapati.”

Asubuhi hiyohiyo mkuu wa nidhamu alipotewa na kopo lake la kiwi ya viatu. Alishinda na viatu vilivyopauka, akimtazama kila mwanafunzi kama mshukiwa.

Nyuma ya pazia, Shami alimvuta Nkusi kando.

“Sha, rafiki, tubadilishane. Mimi nitabeba, wewe utalala tu mgongoni.”

Nkusi, ambaye kulala ndicho kipaji chake, alikubali. Akazungushiwa bandeji kichwa kizima. Shami akajifungia chooni, akatoka na kofia ya chuma imeshuka hadi kwenye nyusi.

Alicheza kama aliyezaliwa Burma. Mwalimu Béatha, aliyeketi karibu na Bibi, alimpigia makofi Nkusi, akidhani ndiye Koplo, akishangaa kijana amepata wapi kipaji.

Kisha Shami akambeba Kapteni. Nkusi alikuwa mzito kuliko Uingereza. Akavuka mto, yaani mashuka ya bweni, hadi kwenye hema la hospitali. Annick, nesi wa Kizungu, unga ukimdondoka kidevuni, akampokea Kapteni kwa mikono miwili. Kwa Koplo akanyoosha kidole.

“Hema hili si la rangi yako. Zunguka nyuma.”

Hapo Koplo alitakiwa kupiga saluti na kuondoka. Shami hakuondoka. Alisimama pale juani, jasho likimtiririka, akimtazama nesi. Annick akasahau maneno yaliyofuata.

Bibi Nyiraneza akafuta machozi. Akasogeza kiti mbele, akakaza macho.

“Jamani,” akasema kwa sauti, “mbona baba yangu anayeyuka?”

Mwalimu Béatha akapanda jukwaani na kitambaa chake. Akampangusa Koplo shavu, kitambaa kikatoka cheusi, kinanuka kiwi. Chini ya kiwi lilikuwepo shavu ambalo Shami, mtoto wa baba mweusi na mama mweusi, alizaliwa nalo: jeupe, lenye madoa ya jua.

“Ni mimi, Mwalimu,” akaungama. “Kopo liko chini ya kitanda changu. Nizunguke nyuma?”